Theluji, Mibuna na Mipaka ya Hifadhi: Ufafanuzi wa Mazingira Asilia ya Shirakami-Sanchi, Japani

Ikisiri

Makala hii inafafanua mazingira asilia ya Shirakami-Sanchi, msitu wa milimani ulioko kaskazini mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani, ambao tangu mwaka 1993 umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hoja inayojengwa ni kwamba msitu huu umelelewa na theluji: ndiyo inayotunza mbegu, inayowadhoofisha washindani wa mti mkuu na inayoilisha mito. Kwa hiyo mpaka wa hifadhi uliochorwa kwenye ramani umeweza kuzuia msumeno na barabara, lakini hauna uwezo huo juu ya mambo yanayoibadilisha theluji yenyewe. Aidha, mpaka huo umewaweka nje baadhi ya watu walioufahamu msitu kwa karibu kuliko wengine.

Utangulizi: suala la jina

Mti unaotawala msitu tunaoujadili hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Kulitohoa jina lake la Kiingereza kungetupatia neno linalogongana na kivumishi -bichi, na msomaji angebaki akijiuliza kama tunazungumzia mti wa aina fulani au mti ambao haujakauka. Wajapani huuita buna. Kwa kuwa Kiswahili hupokea miti ya kigeni katika ngeli ya M-/Mi- bila taabu, kama kilivyoupokea mkaratusi, makala hii itatumia mbuna kwa umoja na mibuna kwa wingi. Wanabotania huuita Fagus crenata. Jamaa zake wa jenasi hiyo hiyo wameenea Ulaya na Amerika ya Kaskazini, lakini spishi hii huota kiasili nchini Japani pekee.

Jina la Kijapani lina kisa chake. Mojawapo ya alama zinazotumika kuliandika huunganisha alama ya "mti" na alama ya "si" au "hakuna", na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba huo ni mti usiofaa. Mbao zake hupinda zikikauka na huoza upesi. Fundi aliyehitaji nguzo ya nyumba hakuutazama mara mbili. Dharau hiyo ya kiuchumi iliulinda mti kwa karne nyingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yaligeuka. Mbinu za kukausha mbao ziliboreka, mahitaji ya mbao na karatasi yakapanda, na mibuna ikakatwa kwa wingi katika milima ya Japani, mahali pake pakapandwa sugi, mwerezi wa Kijapani unaokua haraka na kunyooka. Shirakami-Sanchi ni miongoni mwa mabaki makubwa ya msitu wa mibuna ambao haukupitiwa na wimbi hilo.

Mahali na chanzo cha theluji

Safu hii ya milima iko mpakani mwa mikoa ya Aomori na Akita, karibu na Bahari ya Japani. Kwa ujumla inachukua takriban hekta 130,000. Sehemu iliyoandikishwa kuwa Urithi wa Dunia ni hekta 16,971, na takriban robo tatu ya sehemu hiyo iko upande wa Aomori. Milima yenyewe si mirefu. Vilele vya juu kabisa huzidi mita 1,200 kwa kiasi kidogo tu, yaani mkazi wa Nairobi analala juu zaidi ya kilele cha hifadhi hii. Ugumu wake uko kwenye miteremko: mabonde ni membamba na ya kina, kuta zake zimesimama, na ardhi inayoendelea kuinuka na kumomonyoka husababisha maporomoko ya mara kwa mara. Ni ardhi isiyokaribisha mashamba wala makazi, na hili nalo lilichangia kuuacha msitu ukiwa mzima.

Jina Shirakami huandikwa kwa alama mbili zenye maana ya "nyeupe" na "mungu". Anayefika huko mwezi Februari hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Msomaji aliyezoea theluji kama kofia ya mbali juu ya Kilimanjaro anaweza kudhani kwamba theluji hufuata urefu wa mlima. Shirakami inaonyesha kwamba inaweza pia kufuata bahari. Katika majira ya baridi, upepo mkavu na wa baridi kali huvuma kutoka Siberia kuelekea Japani. Unapovuka Bahari ya Japani hukutana na maji yenye uvuguvugu yanayoletwa na mkondo wa Tsushima kutoka kusini, hufyonza mvuke mwingi, kisha hugonga milima ya Honshu na kulazimika kupanda. Mvuke hugeuka theluji, nayo huanguka kwa miezi. Upande huu wa Japani ni miongoni mwa maeneo yenye theluji nyingi zaidi duniani kwa latitudo yake. Mabondeni huweza kulundikana kwa mita kadhaa na kubaki hadi majira ya kuchipua yakiwa yameendelea.

Hali hii haikuwapo sikuzote. Katika kipindi cha mwisho cha barafu kina cha bahari kilikuwa chini, na mkondo wa uvuguvugu haukuwa na njia pana ya kuingilia. Bahari ilipopanda na mkondo ukaingia kwa nguvu, miaka ipatayo 8,000 iliyopita, theluji nzito ikaanza, na chembe za chavua zilizozikwa katika matope ya zamani zinaonyesha mibuna ikienea kaskazini katika enzi hiyo. Kwa lugha nyepesi, mbuna na theluji waliingia nyumba hii pamoja.

Namna theluji inavyoulea mti

Tuanze na mbegu, kwani hapo ndipo ushahidi ulipo wazi zaidi. Mbuna huzaa kokwa ndogo zenye pembe tatu, mbili katika kila ganda, zenye mafuta mengi na ladha nzuri. Panya huzipenda, ndege huzipenda, dubu huzipenda, na viwavi wa nondo huzitoboa zingali mtini. Mti unaozaa chakula cha namna hii kila mwaka kwa kiasi kile kile ungekuwa unafuga maadui wake. Mbuna haufanyi hivyo. Kwa miaka kadhaa huzaa kidogo au hauzai kabisa, kisha katika mwaka mmoja, kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 7, mibuna ya eneo pana huzaa kwa pamoja na kufunika ardhi kwa kokwa. Wanaikolojia hueleza kwamba miaka ya ukame wa mbegu huwapunguza walaji, na mwaka wa neema huwashibisha wachache waliobaki, hivyo sehemu ya mbegu husalimika.

Lakini kusalimika kwa vuli hakutoshi. Mbegu iliyoanguka Oktoba inapaswa kufika Aprili ikiwa haijaliwa, haijakauka wala kuganda. Hapa ndipo theluji inapoingia kazini. Blanketi lenye unene wa mita mbili au tatu huifanya ardhi iliyo chini yake ibaki karibu na nyuzijoto sifuri hata hewa ya juu inapokuwa baridi zaidi, huiweka ikiwa na unyevu, na huipunguzia panya nafasi ya kutafuta. Katika upande wa pili wa Japani, ule unaotazama Bahari ya Pasifiki, theluji ni haba. Huko mibuna ipo, lakini mbegu nyingi huliwa au kukauka, na miche ni michache; kuna misitu yenye mibuna mizee inayosimama bila warithi. Tofauti ya pande hizi mbili ni jaribio ambalo maumbile yenyewe yamelifanya.

Baada ya kuota, mche hulazimika kuishi chini ya uzito. Shina changa la mbuna ni nyumbufu. Theluji hulilaza kwenye mteremko, nalo huinuka tena theluji inapoyeyuka, mwaka baada ya mwaka, mpaka linenepe vya kutosha kukataa kulala. Kumbukumbu ya utoto huo hubaki: mibuna mingi ya miteremkoni ina shina lililopinda karibu na mizizi kabla ya kunyooka kwenda juu. Miti mingi ya jamii ya misonobari haina unyumbufu huo. Matawi yake yenye majani ya kudumu hubeba mzigo na kuvunjika, na miche yake hushambuliwa na kuvu wanaostawi chini ya theluji ya muda mrefu. Ndiyo maana katika milima mingine ya Japani mpandaji hutoka kwenye mibuna na kuingia katika ukanda wa misonobari, ilhali Shirakami ukanda huo haujajengeka, na mibuna hutawala karibu pote.

Majira ya kuchipua yanapofika, jambo la kwanza kuonekana ni duara la ardhi tupu kuzunguka kila shina, huku theluji ikiwa bado imelala kwingine. Shina la rangi ya kijivu hupata joto la jua na kuyeyusha theluji inayoligusa. Juu, majani mapya hufunguka wakati mizizi ingali ndani ya maji ya barafu. Nimeona picha nyingi za kipindi hiki katika kuandaa utafiti wangu, na nakiri kwamba kwa mtu aliyekulia katika nchi ya masika na kiangazi, kijani kibichi juu ya weupe mtupu ni kitu kinachokataa kuzoeleka.

Mvua nayo ina njia yake. Gome la mbuna ni laini, na matawi yake yameinuka kama faneli. Maji ya mvua hukusanywa na majani, hushuka tawi kwa tawi, na kutiririka shinani hadi kwenye mizizi. Udongo wa chini umefunikwa na majani makavu yaliyooza kwa miaka mingi, mboji nene inayofyonza maji na kuyaachia polepole. Maji hayo, pamoja na yale ya theluji, huingia katika mito kama Akaishi na Iwaki, na huu wa pili ndio unaonywesha mashamba ya mpunga na matofaha ya tambarare ya Tsugaru.

Viumbe wa chini na wa juu

Chini ya mibuna hutanda mianzi mifupi iitwayo sasa, wakati mwingine mizito kiasi kwamba mtu hupita kwa kuisukuma kwa mikono. Kwa mche wa mbuna, hiki ni kizuizi kikubwa kuliko panya. Mche huvumilia kivuli, lakini si kivuli hiki. Nafasi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanzi wenyewe: hutoa maua mara moja baada ya miongo mingi, kisha eneo zima hufa kwa pamoja na mwanga kufika chini. Ya pili ni kuanguka kwa mti mzee. Mbuna huishi miaka mia mbili hadi mia tatu, mingine zaidi. Ukianguka huacha uwazi ambao miche iliyosubiri huukimbilia.

Mti ulioanguka haujamaliza kazi. Uyoga wa nameko, unaopendwa katika supu za Kijapani, huota juu ya magogo ya mibuna. Huota pia uyoga uitwao tsukiyotake, ambao hutoa mwanga hafifu gizani na huwapa sumu wale wanaoudhania kuwa wa kuliwa. Kutoka katika mboji ya msitu huu watafiti wa Akita walipata hamira ya asili inayovumilia baridi, ambayo leo huumulia mikate. Kigong'ota mweusi, mkubwa kuliko vigong'ota wengine wa Japani na adimu katika kisiwa cha Honshu, huchimba kiota katika mashina manene na yaliyonyooka. Palipo na mibuna michanga tu hana pa kukaa. Wapo pia tai wa dhahabu, dubu weusi wa Asia na kamoshika, mnyama wa jamii ya mbuzi anayepanda miteremko hii bila haraka. Mimea iliyoorodheshwa inazidi spishi 500.

Barabara iliyokatika

Mwaka 1982 ulianza ujenzi wa barabara ya misitu ya Seishu, iliyokusudiwa kuunganisha Aomori na Akita kwa kupasua katikati ya safu hii na kufungua njia ya kuvuna mbao. Wapenzi wa asili katika mikoa yote miwili walipinga, lakini kwa maoni yangu uzito wa upinzani ulitoka mtoni. Msitu wa juu ya mto Akaishi ulikuwa umetengwa kisheria kwa ajili ya kulinda maji, na kuuondolea hadhi hiyo kulihitaji kusikiliza wenye maslahi. Wanavijiji wa mto huo walikuwa na sababu ya kusema. Machi 1945, theluji na udongo viliziba mto huo huo, kisha zuio likapasuka usiku na kufagia kitongoji kizima. Waliokufa walizidi 80. Watu waliorithi habari hiyo hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza maana ya kukata miti juu ya bonde. Mwaka 1987 barua za pingamizi zilizidi 13,000. Serikali ya mkoa wa Aomori ikasita, na ujenzi ukaishia njiani.

Kilichofuata kilikwenda kwa kasi. Mwaka 1990 mamlaka ya misitu ililitenga eneo kuwa la kuhifadhi ikolojia ya msitu. Mwaka 1992 likatangazwa kuwa hifadhi ya asili. Desemba 1993 likaandikishwa UNESCO pamoja na kisiwa cha Yakushima, yakiwa maeneo ya kwanza ya urithi wa asili nchini Japani. Eneo liligawanywa kuwa kiini cha hekta 10,139 na ukanda wa kinga wa hekta 6,832 unaokizunguka.

Nani yuko ndani, nani yuko nje

Katika kiini, kanuni ni kuacha maumbile yafanye kazi bila mkono wa mtu. Upande wa Akita kuingia kumepigwa marufuku kwa jumla. Upande wa Aomori mtu huweza kuingia kwa njia 27 zilizoainishwa, mwanzoni kwa kibali na tangu mwaka 2003 kwa kutoa taarifa. Msitu ni mmoja, mibuna ni ile ile, ila sheria hubadilika kwenye kigongo cha mlima.

Kabla ya kanuni hizo msitu ulikuwa na wenyeji wake, nao ni matagi, wawindaji wa dubu wa vijiji vya milimani. Waliwinda hasa mwishoni mwa majira ya baridi, dubu wanapotoka mapangoni na theluji ingali imeshindiliwa kiasi cha kubeba mguu wa mtu. Walikuwa na maneno ya mlimani yasiyosemwa kijijini, miiko iliyomhusu mungu wa kike wa mlima, na desturi ya kugawana nyama sawa kwa sawa. Walikusanya pia uyoga na mboga za mwituni. Njia nyembamba za ndani ya msitu zilikuwa kazi ya miguu yao. Mwaka 2004 eneo la urithi lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori, na uwindaji ndani yake ukafungwa.

Hoja ya wanaotetea kufunga ina nguvu: kigong'ota na tai wa dhahabu hawavumilii bughudha, na kuruhusu wachache ni kufungua mlango kwa wengi. Hata hivyo, naona kasoro katika kuuita msitu huu "usioguswa". Uliguswa kwa karne nyingi, kwa kiasi ambacho hakikuuharibu, na waliougusa walijua ni bonde lipi hubomoka na ni mwaka upi kokwa zitakosekana. Ujuzi wa namna hiyo hurithishwa kwa kutembea. Njia zikimezwa na sasa, ujuzi nao huanza kufifia.

Yanayovuka mpaka

Mwaka 2023 mibuna ya mikoa ya kaskazini-mashariki mwa Honshu ilikosa kuzaa kwa kiwango kikubwa. Dubu waliteremka vijijini na mijini kutafuta chakula. Katika Japani nzima watu waliojeruhiwa walizidi 200, na Akita iliongoza. Njaa ya dubu si sababu pekee. Vijiji vinapungukiwa watu, mashamba ya kingo za msitu yanageuka vichaka, na wawindaji wamezeeka. Lakini mnyororo unaanzia kwenye kokwa, nazo huanguka pande zote mbili za mpaka.

Kisha kuna kulungu aina ya sika. Kwa muda mrefu Shirakami haikuwa nao: uwindaji wa zamani uliwamaliza, na theluji nzito huwazuia kutembea na kula wakati wa baridi. Katika miaka ya 2010 kamera zilizotegwa katika eneo hili zilianza kuwanasa. Kwingineko Japani, kulungu wakizidi hula miche, mimea ya chini na magome ya miti, hadi sakafu ya msitu ibaki tupu. Ongezeko la joto linawarahisishia safari, maana theluji ikipungua kina, mlango uliowafungia unalegea. Mifano ya tabianchi inaonyesha pia kwamba, kadiri joto linavyopanda, maeneo yanayoufaa mbuna katika milima hii yatapungua sana kufikia mwishoni mwa karne. Na kwa kuwa vilele ni vifupi, mti hauna nafasi kubwa ya kupanda juu kukimbilia baridi. Vimbunga navyo vinahesabiwa. Mwaka 2018 mbuna mzee maarufu ulioko nje kidogo ya eneo la urithi, uliokadiriwa kuwa na miaka 400 na kupewa na wageni jina la Mti Mama, ulivunjika shina kwa upepo wa kimbunga.

Kati ya haya yote, kulungu ndio wanaoweza kushughulikiwa mapema, wakiwa bado wachache. Kazi hiyo inataka watu wanaoweza kuingia mabonde haya mwezi Machi, kusoma nyayo na kutembea juu ya theluji iliyoshindiliwa bila kuamsha poromoko. Matagi waliobaki wenye uwezo huo ni wachache na wengi wao ni wazee, na kiini cha hifadhi upande wa Akita kimefungwa kwao kama kilivyofungwa kwa mtalii.